Matundu Niliyoyaziba

Siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu yake, mwanangu. Nilifungua gunia la mahindi ambalo nililishona mwenyewe, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na ndani mlikuwa na joto. Lilikuwa joto la homa, kama la paji la uso la mtoto anayeumwa. Kisha harufu ya kuvu ikanipanda puani. Nilikuwa na miaka ishirini, na hadi asubuhi ile nilijiona mtu asiyeweza kukosea jambo lolote kubwa.

Sikusimulii haya, mjukuu wangu, ili tupitishe muda. Alhamisi iliyopita nilipita pale Mbalizi kwenye mashine ya kikundi chenu, ile ya kukaushia mahindi, nikiwa natoka sokoni na kikapu changu. Niliona moshi kabla sijaona paa. Niliona rundo la kuni lililonizidi urefu. Nikainua macho juu ya chumba cha kukaushia, na pale panapotokea hewa nikaona magunia mmeyakunja na kuyashindilia vizuri kabisa. Nilisimama barabarani kama niliyepigwa kofi. Kijana wenu mmoja akaniambia kwa heshima, "Shikamoo bibi, tumeziba ili joto lisitoroke, si unaona baridi ya mwezi huu." Nikamwitikia marahaba, nikaenda zangu, maana ningesema pale pale ningesema vibaya. Mimi hasira zangu mnazijua. Nimekaa siku tatu hadi zimepoa, sasa nakaa na wewe.

Maneno yale yale, joto lisitoroke, niliyasema mimi kabla mama yako hajazaliwa.

Wakati huo nilikuwa nimetoka hapa Mbeya kwenda kuishi na shangazi yangu kule Iringa, upande wa milimani ambako jua la asubuhi linachelewa na ukungu haukuombi ruhusa kuingia ndani. Shangazi alikuwa mpishi katika shule ya wasichana ya kanisa. Shule ile ilikuwa na utaratibu ambao wazazi wote waliujua. Kila msichana aliporudi kutoka likizo ya katikati ya mwaka alikuja na madebe yake mawili ya mahindi kutoka shambani kwao. Hayo ndiyo yaliyokuwa ugali na makande yao hadi mavuno mengine. Shule haikuwa na ghala lingine la kulikimbilia. Ukiona mama anapanda kile kilima na debe kichwani, binti yake nyuma na debe la pili, ujue anapeleka chakula cha mtoto wake mwenyewe.

Mwaka ule mvua ilikataa kuondoka. Mahindi yaliyopaswa kukaukia shambani yalivunwa yakiwa mabichi, watu wakiwahi nguruwe pori na kuoza, na mengi yakapukuchuliwa hivyo hivyo. Mzazi mmoja baada ya mwingine alimwaga debe lake kwenye sakafu ya ghala, na ukishika konzi unasikia ubaridi wa maji. Mkuu wa shule, Sista mmoja Mbena, mfupi, asiyependa maneno mengi, akaamua yakaushwe kwa moto. Nyuma ya shule kulikuwa na bani la zamani, nyumba ndefu kwenda juu ambayo wakulima wa tumbaku walikuwa wakikaushia majani yao. Tanuri lilikuwa nje, bomba la bati likipitisha joto ndani chini sakafuni, na juu karibu na paa kulikuwa na matundu manne yenye vifuniko vya mbao. Wakatandika nyavu juu ya fito, mahindi yakae hapo. Akatafutwa mtu wa kusimamia. Shangazi akanisema mimi, na mimi nikasema naweza.

Sista alinionyesha rundo la kuni. "Tusekile," akaniambia, "kuni ni hizi. Zikiisha hizi, kilichobaki ni mivengi, ile miti mikubwa ya pale kwenye chemchemi, na mimi sitaki kuikata. Maji tunayokunywa yanatoka chini yake."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wenyewe nilikuwa siujui.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa kwetu. Wewe na mimi tumezaliwa kwenye baridi. Toka utoto tumefundishwa kwamba jioni ikiingia unafunga dirisha, unaziba ufa wa mlango kwa kitambaa, mnakaa karibu na moto. Nyumba yenye joto ni nyumba iliyofungwa. Basi nilipoingia kwenye bani siku ya kwanza, nikaona yale matundu manne juu yanatoa hewa ya joto nje, nikasikitika kama mtu anayeona maziwa yanamwagika. Nikachukua ngazi. Nikafunga vifuniko, na penye nafasi nikashindilia magunia. Nikashuka najisifu. Kisha nikajaza mahindi kwenye nyavu hadi yakafika magotini mwangu, ili tumalize haraka, nikalijaza tanuri magogo mazima yenye magome ya mvua, moshi ukafunika uwanja wa shule. Nilipenda ule moshi. Niliona unatangaza kazi yangu kwa kila anayepita.

Kulikuwa na mlinzi pale shuleni, Mzee Kihwelo, Mhehe mwembamba, koti lake la jeshi limepauka mabegani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mabani ya tumbaku, akichochea moto. Mimi hilo nilikuwa silijui, na sikuwa nimejisumbua kumuuliza. Alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni, akatazama juu, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, binti wa Mbeya. Unakausha au unapika?"

"Nakausha, babu."

"Haya. Na mvuke utatokea wapi? Kwenye pua zako?"

Nikacheka, mwanangu. Nilicheka mbele ya mzee yule, nikamwambia kwamba bani la mahindi si geti la kulinda. Alitikisa kichwa, akaokota kijiti kilichoanguka njiani kwangu nisije nikajikwaa, akaenda. Hadi leo nikikumbuka kile kijiti naona aibu kuliko nikikumbuka kicheko changu.

Ndani ya bani matone yalikuwa yananing'inia kwenye bati la paa. Niliyaona. Yalidondoka juu ya mahindi, tii, tii, na mimi nikajiambia ni umande. Umande ndani ya nyumba yenye moto! Ukishaamua kwamba wewe ni hodari, macho yanaona na kichwa kinakataa. Siku ya tatu nikashika mahindi ya juu, yalikuwa ya moto na magumu kwa nje. Nikamwita Sista, akashika, akaniamini. Tukayajaza kwenye magunia, nikayashona, nikaanza awamu ya pili kwa mtindo ule ule. Zaidi ya nusu ya chakula cha wasichana wale ilipita mikononi mwangu hivyo, na rundo la kuni likabaki robo.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipofungua lile gunia.

Niliyafungua magunia yote. Mahindi mengine yalikuwa yameshikana mabonge, ya kijani na ya kijivu. Punje niliikata kwa meno. Ganda la nje gumu, ndani laini na nyevu. Moto wangu mkali ulikuwa umekaza ngozi na kuyafungia maji ndani. Shangazi yangu alikaa chini sakafuni, mikono kichwani. Sista akauliza kama yanaweza kuoshwa. Mzee Kihwelo, aliyekuwa ameitwa kubeba, akasema taratibu, "Hapana Sista. Haya hata nguruwe usimpe. Yana sumu." Tukachimba shimo nyuma ya bani, tukayafukia. Nilichimba mimi tangu mwanzo hadi mwisho, nilikataa kusaidiwa, na nililia kila jembe lilipozama.

Kilichobaki ni mahindi ambayo hayajaguswa, mabichi bado, rundo dogo la kuni, na Sista amekwisha kumtuma mtu akanoe shoka kwa ajili ya mivengi. Ningeweza kupanda basi nirudi Mbeya. Nilifunga kanga zangu, sikufichi, nikazifunga kwenye fuko na fuko nikaliweka mlangoni. Kisha nikajiuliza, hawa wasichana watakula fuko langu? Nikazifungua. Nikaenda kwenye kibanda cha mlinzi, nikapiga magoti kama wanavyosalimia watu wa kule.

"Shikamoo babu. Nimekuja unifundishe. Nilikucheka, naomba unisamehe."

Alimaliza kwanza kumenya muwa wake. "Marahaba," akasema. "Umechelewa, lakini umekuja na miguu yako mwenyewe. Nenda kwanza kamwambie Sista aache kunoa shoka. Kuni zile zinatosha."

"Zile? Babu, ni chache mno."

"Zinatosha kwa anayekausha. Kwa anayepika hazitoshi hata mlima mzima."

Tulianza mbali kabisa na moto, na hilo ndilo lililonishangaza. Kila saa jua lilipochungulia, hata kwa dakika chache, tulitandaza mahindi juu ya maturubai, kwa wembamba, unene wa vidole viwili, na wasichana wakitoka darasani wanayageuza kwa miguu huku wakiimba. Ambayo yalikuwa hayajapukuchuliwa tuliyapanga kwenye kichanja kilichoinuliwa, wazi pande zote, upepo wa kilimani upite katikati. Nikamuuliza mzee, tunakausha kwa upepo huu wa baridi? Akasema upepo huwa hauombi kuni. Kazi yoyote ambayo jua na upepo wanakubali kuifanya, waachie. Moto uitwe mwishoni kumalizia, maana moto unakula.

Kisha tukalitengeneza bani. Alinipa udongo wa kichuguu uliokandwa, akaniambia nizibe, na nikapanda ngazi moja kwa moja kuelekea juu. Alipiga kelele hadi mbuzi wakakimbia. "Shuka! Hapo pa kutokea! Ziba pale unapovuja moto!" Akanipeleka kwenye tanuri, akanionyesha nyufa ambazo nilizipita kila siku. Joto lilikuwa linamwagika nje kabla hata halijaingia kwenye bomba. Nilikuwa nimeziba pa kuachwa wazi, nikaacha wazi pa kuzibwa. Tukaziba nyufa zote, tukapasua yale magogo vipande vyembamba, tukavianika karibu na tanuri vikauke, maana ukichoma ukuni mbichi moto unatumika kwanza kuukausha huo ukuni. Na magunzi, ambayo mimi nilikuwa natupa, aliyakusanya yote. "Mahindi yamekuja na kuni zake," akasema, "na wewe unazitupa jalalani."

Magunia yangu yale aliyachomoa mwenyewe kwenye matundu, akanitupia moja baada ya jingine.

Hapo ndipo aliponipa somo ambalo nalipitisha kwako. Tulitandaza mahindi kwenye nyavu, unene wa kiganja tu. Tukawasha moto mdogo, usio na moshi, ambao ningeuonea haya wiki chache kabla. Akanipandisha kwenye ngazi, akaniambia niweke mgongo wa mkono kwenye tundu. Ukarudi na unyevu. "Hayo ndiyo maji ya mahindi yanaondoka," akasema. "Maji hayafi kwa moto, binti. Yanahama. Hewa ya joto ndiyo inayoyabeba, na wewe uliinyima njia, ikayarudisha yalikotoka. Sasa acha wazi kabisa. Kesho weka mkono tena. Ukirudi mkavu na hewa bado ya moto, hapo ujue unatupa joto bure, rudisha kifuniko kidogo. Kidogo kidogo hivyo hadi mwisho. Mkono wako ndio utakaokwambia."

Nikajua basi kwamba hata joto kutoroka ni jambo la kweli, ila lina wakati wake na mahali pake, na mimi nilikuwa nimelizuia joto wakati lilipokuwa kazini.

Kupima tulipima kwa chumvi. Chupa kavu ya jemu, chumvi kavu kijiko kimoja, konzi la mahindi yaliyokwisha kupoa, unafunika, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado. Isipoganda, zima moto, kwa sababu kuanzia hapo kila ukuni unaouongeza ni ukuni uliopotea na punje zinapasuka. Kabla ya hapo mimi nilikuwa napima kwa majivuno.

Tulimaliza. Kuni zikabaki, chache, Sista akazipeleka jikoni. Mivengi haikuguswa. Na mimi niliyeingia na miguu laini nilitoka na visigino vilivyopasuka, na sikuuacha moto ule hata siku moja hadi gunia la mwisho likashonwa.

Lakini tulichokifukia hakikufufuka. Mwezi wa kumi ghala lilionyesha sakafu. Sista akaamua kidato cha nne wabaki wafanye mtihani wao, wengine waende nyumbani. Walipita mbele ya bani na masanduku yao ya bati kichwani. Mmoja wao, Faraja, wa kidato cha kwanza, akasimama. Alikuwa mdogo mno kwa sanduku lile.

"Shikamoo dada. Ni wewe uliyeozesha mahindi yetu?"

Ningeweza kusema ni mvua. Watu wazima wote waliomzunguka walikuwa wanasema ni mvua, kwa kunionea huruma.

"Ni mimi," nikamwambia.

Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa, akashuka zake kilimani. Niliumia, mwanangu. Nakwambia wazi, niliumia kuliko siku ya shimo, kwa sababu shimo lilikuwa na mahindi tu.

Nilibaki shuleni. Mwaka uliofuata mwezi wa saba, bani limekwisha kusakafiwa upya, matundu yote wazi, nikaona watu wanapanda kilima. Faraja alikuwa mbele, debe kichwani, mama yake nyuma na la pili. Wazazi wengine walikuwa wanamwaga mahindi yao ghalani kama kawaida. Yeye alinijia mimi, akainama, akalitua debe mikononi mwangu.

"Mama amesema nisimwage ghalani. Amesema nikukabidhi wewe, siyo mtu mwingine. Anasema wewe ndiye unayejua yanavyooza."

Nikamtazama mama yule. Hakutabasamu. Hakuwa amenisamehe, nadhani, alikuwa amenipa kazi. Nililipokea lile debe kwa mikono miwili, na hadi leo, mwanangu, nikishika mahindi ya mtu yeyote nasikia uzito wa lile debe.

Basi nisikie. Mahindi yaliyoko kwenye mashine yenu pale Mbalizi si ya kikundi. Ni ya akina mama waliowaletea kwa bajaji na kwa vichwa, wanaotegemea kuyala mwakani. Mnayo feni ya umeme, mnayo mashine ambayo Mzee Kihwelo asingeiota, lakini maji yaliyomo ndani ya punje ni yale yale na yanataka njia ile ile. Kesho asubuhi, kabla hujatia hata ukuni mmoja, panda ngazi uyatoe yale magunia. Weka mgongo wa mkono wako pale juu. Kisha zunguka chini, tafuta joto linapovujia, uzibe hapo. Waambieni wanaoleta mahindi mabichi wayaanike kwanza, jua la mwezi huu wa baridi ni jingi na halina mwenyewe. Magunzi msiyatupe. Tandazeni kwa wembamba, mpime kwa chumvi, na chumvi ikisema tayari, mzime. Ukiona kuni zinaisha haraka, usikimbilie kutafuta nyingine. Jiulize kwanza umeziba wapi. Na akija mzee yeyote akasimama mlangoni akauliza swali la kuudhi, mpe kigoda akae.

Ukikuta mmekwisha kuozesha, na inaweza kuwa, msiseme ni baridi. Semeni ni sisi, myafukie, muanze upya siku hiyo hiyo. Mimi nitakuja kuchimba na ninyi, magoti yangu haya haya.

Mungu akupe mkono unaosikia, mwanangu. Akupe moto mdogo unaotosha na ghala linalonuka mahindi makavu. Akupe watu watakaokukabidhi madebe yao hata baada ya kukuona umekosea, na akupe nguvu ya kuyapokea kwa mikono miwili. Ndaga, asante kwa kunisikiliza. Sasa nenda kalale mapema, na ngazi iko pale nyuma ya choo changu, uichukue.